Nyumba Namba 0417

Barongo amerudi. Ni mara ya tano sasa,
na viatu vyake vimezeekea mlangoni pangu.
Anaketi juu ya jerikeni, anafuta kioo cha tableti
kwa mkono wa shati, anavaa ile sauti ya kazini:
Mama Syombua, ushiriki wako ni wa hiari.
Najua. Endelea.

Jana mlikula mara ngapi?
Mara mbili, ukihesabu chai.
Nihesabu chai?
Kwani kwenu hamhesabu?
Anacheka, anabonyeza kitu.
Sijui amebonyeza nini.

Mwaka wa kwanza walisema ni bahati nasibu,
kompyuta ndiyo itakayochagua, haina ndugu wala kabila.
Ikamchagua Apondi, ninayegawana naye ukuta wa bati.
Simu yake ikaanza kulia kila mwisho wa mwezi.
Mimi nikapewa mche wa sabuni
na jina jipya: wa kulinganishwa.
Yaani mimi ndimi "bila."
Mimi ndimi vile Apondi angekuwa
kama simu ingenyamaza.
Kazi yangu ni kubaki nilivyo
ili walio mbali wajue mwenzangu kasogea hatua ngapi.

Na kasogea, sikatai.
Amenunua friji kuukuu, anauza maziwa na barafu.
Kitinda mimba wake hakohoi tena usiku;
bati halifichi kikohozi, ningesikia.
Pia kaka yake alishuka kutoka Ahero
na shida isiyokuwa na mkia,
akazila pesa za miezi mitatu.
Hilo nalo lina kisanduku chake?
Barongo anatafuta, anatafuta.
Litaingia kwenye "mengineyo," mama.

Sikulaumu, mwanangu. Wale wa choo hawakuuliza kitu.
Walikuja na utepe na mkasi, wakatupanga kwa urefu,
tukatabasamu.
Kibao chao kingali kinang'aa. Kufuli pia.
Ufunguo anao Kithome, shilingi kumi kila haja,
na Kithome akilala amelala.
Hakuna aliyerudi kuniuliza:
mama, usiku unakwenda wapi?
Afadhali wewe.
Ila miaka mitano nimekujibu,
na majibu yangu sijui yanalala wapi.

Haya, ile ya ngazi.
Fikiria ngazi ya vidato kumi.
Juu kabisa wapo wenye maisha mazuri kuliko wote,
chini kabisa wenye maisha mabaya.
Wewe umesimama kidato gani?
Siku ile ya kwanza nilisema cha pili, nikaona haya.
Leo nataka kwanza kujua
ngazi yenyewe imeegemezwa wapi,
maana hapa Mukuru hakuna ukuta wa kuishika
ila huu wa bati,
na nyuma yake yupo Apondi.

Andika cha tatu. Twende.

Katika miezi kumi na miwili iliyopita
umepokea msaada wowote, wa mtu au wa shirika?

Nanyamaza.
Mwezi wa tano, mto Ngong ulipopanda hadi kitandani
na Syombua ana mtihani wiki hiyohiyo,
bati liligongwa mara mbili.
Pale penye kutu ukapita mkono,
na ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa
elfu moja na mia tano, kavu kabisa.
Usirudishe, alisema. Hata mimi sikuzitolea jasho.

Nikisema ndiyo, nimewaharibia hesabu:
"bila" nimeonja.
Nikisema hapana,
mkono ule haukupita.

Kidole cha Barongo kinangoja juu ya kioo.
Kiwanda cha chuma kinapiga king'ora cha saa nane.
Upande wa pili friji inanguruma,
inazima, inanguruma tena.

Andika ndiyo.

Anainua macho. Shirika gani, mama?

Nanyoosha mkono,
nagonga bati mara mbili.